Mkurugenzi Anapouza Hisa Zake

Watu wa ndani wa kampuni ni wakurugenzi, mameneja wakuu na wanahisa wakubwa. Sheria haiwazuii kuuza wala kununua hisa za kampuni yao. Inachokataza ni kufanya hivyo kwa kutumia taarifa nzito ambayo haijatangazwa kwa umma.

Nchini Marekani, mtu wa ndani akiuza hisa hutakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya masoko ndani ya siku 2 za kazi, kwa Fomu Namba 4. Yeyote anaweza kuisoma mtandaoni bila malipo.

Tutazame kampuni ya Carvana, muuzaji mkubwa wa magari yaliyotumika nchini humo. Kati ya mwaka 2020 na 2021, mwanahisa wake mkubwa aliuza hisa nyingi, na mauzo hayo yaliwekwa wazi. Agosti 2021 hisa moja ilizidi dola 300. Desemba 2022 ilikuwa chini ya dola 5. Mwaka 2024 ilipanda tena kupita dola 200.

Hivyo, mauzo ya mkubwa si ushahidi wa kosa, wala si amri ya kukimbia. Ni sababu ya kuuliza. Kabla ya kuweka akiba yako, chunguza: ameuza nani, kiasi gani, na amebakiza ngapi? Kampuni ina madeni kiasi gani?

Mtu akikunong'oneza siri ya kampuni, usiinunulie hisa. Nawe unaweza kushtakiwa.