Karavani Zilizoota Mizizi Ufukweni

SWALI: Kila Alhamisi jioni tunatoka na karavani yetu kwenda pwani ya Azaiba, Muscat. Sehemu nzuri zote zimeshikwa na karavani za msimu mzima, wenyewe hawapo. Tuna haki gani?
Msomaji, Seeb

JIBU: Ndugu yangu, haki unayo. Ufukwe ni wa watu wote. Kiini cha tatizo ni maegesho: nyumba nyingi za Muscat hazina pa kuweka karavani, basi baridi ikiingia mwezi wa Oktoba mtu huipeleka baharini na kuiacha huko. Nimeona moja tairi zimezama mchangani, mbele yake zulia na uzio wa makuti. Huo si msafara tena, ni mji. Na wageni wanaotafuta nafasi hizo hizo wameongezeka tangu barabara ya jangwa la Rub' al Khali kutoka Saudia hadi Oman ifunguliwe Desemba 2021.

Baladia, yaani manispaa, ya Muscat hutoa vibali vya kambi kwa muda maalumu. Chukua chako kabla ya kutoka. Ukikuta karavani iliyotelekezwa, usigombane na mtu wala usiisogeze. Piga picha, kisha piga simu baladia, namba 1111.