Sura Iliyo Juu ya Dinari

JUMANNE

Soma Marko 12:13–17. Kwa nini Yesu aliomba aletewe dinari kabla ya kulijibu swali la kodi?

Mafarisayo na Maherode hawakupatana kwa mambo mengi, lakini siku ile walikuja na mtego mmoja. Kama Yesu angesema kodi ilipwe, watu wangemwona msaliti wa taifa. Kama angesema isilipwe, angeshtakiwa kwa Warumi. Hatari hiyo ilijulikana: Yuda Mgalilaya aliinua uasi siku za kuandikwa orodha, akaangamia (Mdo 5:37).

Dinari ilikuwa sarafu ya fedha yenye uzito usiofika gramu 4, nayo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja (Mt 20:2). Wataalamu wengi huona kuwa sarafu aliyoletewa Yesu ilikuwa ya Kaisari Tiberio, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37 B.K. Upande mmoja ulikuwa na kichwa chake chenye taji la majani, na maandishi yaliyomtaja kuwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili aliketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi, ishara ya amani ya Rumi, na maandishi yalimwita Kaisari kuhani mkuu. Hivyo sarafu ile ilikuwa mahubiri yaliyopita mkono kwa mkono: Kaisari ni mwana wa mungu, ni kuhani, ndiye mleta amani. Aliyekuwa ameishika hakujua kwamba Mwana wa Mungu, Kuhani na Mfalme wa amani wa kweli alisimama mbele yake.

Soma Mwanzo 1:26, 27. Ikiwa sarafu ni ya yule ambaye sura yake imo juu yake, mwanadamu ni wa nani?

Yesu hakukataza kodi, wala Paulo hakuikataza (Rum 13:7). Lakini mtu amebeba sura ya Muumba wake. Kaisari aweza kudai dinari. Hawezi kudai ibada, dhamiri, wala siku ambayo Bwana ameitakasa. Shadraka, Meshaki na Abednego waliitumikia serikali ya Babeli kwa uaminifu (Dan 2:49), lakini mfalme alipotaka wasujudu, walisimama (Dan 3:18).

Tafakari: Mwajiri anamtaka mshiriki afanye kazi siku ya Sabato, la sivyo atafukuzwa. Ni nini anachopaswa kumpa mwajiri huyo, na ni nini asichoweza kumpa? Je, kanisa lenu litamsaidiaje endapo atapoteza mshahara wake?