Kufundisha Kitovu cha Uzito kwa Mfano wa Gari Lililoshushwa

Mwalimu afundishapo kitovu cha uzito kwa maneno matupu, watoto hukariri jina na kusahau maana. Makala haya yaeleza namna ya kulifundisha somo hilo katika Darasa la Sita kwa kutumia gari.

Madhumuni. Mwisho wa somo, mtoto aweze kueleza kwa nini gari lililopakiwa juu hupinduka upesi. Kwa watoto wa Bagamoyo, Tukuyu, elimu hii si ya mtihani tu. Barabara ya Mbeya hadi Kyela ina miteremko na kona, na malori ya ndizi huipita, pengine watu wakiwa wameketi juu ya mikungu.

Maelezo kwa mwalimu. Kitovu cha uzito ni mahali ambapo uzito wote wa kitu huwa kana kwamba umekusanyika. Gari likatapo kona kwa kasi huelemea upande wa nje. Kadiri kitovu kilivyo juu, ndivyo linavyokaribia kupinduka. Kwa sababu hiyo, wapenzi wa magari ya kasi ya zamani, kama vile Datsun 240Z iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969, huweka springi fupi ili bodi ishuke. Lakini gari lililoshushwa hugonga mawe. Datsun 240Z hiyohiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1971, dereva akiwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973, dereva akiwa Shekhar Mehta. Magari ya mashindano hayo huinuliwa, kwani njia zake ni za mawe na matope.

Vifaa. Gari la mbao au la kopo, jiwe, kamba, ubao na kijiti.

Hatua.
1. Weka gari kiubavu juu ya ubao. Pigilia kijiti chini ya magurudumu lisiteleze.
2. Funga jiwe juu ya gari. Watoto wabashiri, kisha inua ubao polepole hadi gari lipinduke. Pimeni pembe.
3. Funga jiwe chini ya gari, mrudie jaribio.
4. Watoto walinganishe pembe hizo na kutoa sababu.

Kwa hesabu, magurudumu yakiachana sentimita 10 na kitovu kikiwa sentimita 10 kutoka ubaoni, gari hupinduka kwenye nyuzi 27 hivi. Kitovu kikishushwa hadi sentimita 5, hupinduka kwenye nyuzi 45.

Tahadhari. Mtoto asidhani kwamba kushusha gari ni kukata springi kwa msumeno basi. Springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi, nayo yaweza kuchomoka mahali pake gari lirukapo shimo.

Tathmini. Uliza: Lori limebeba magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Mizigo ipi iwekwe chini, na kwa nini? Abiria akiketi juu ya mzigo, kitovu huenda wapi? Mtoto ajibu kwa kuonyesha kwa gari lake, si kwa kukariri.