Chaji ya Kompyuta Ifike Mwisho wa Mkutano
Katika mkutano mmoja usharikani kompyuta yetu ya mkononi ilizimika katikati ya taarifa ya fedha za kisima. Wazee walirudi nyumbani bila hesabu. Betri ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa letu. Tuliacha mwanga wa kioo juu kabisa, na mara nyingi kioo ndicho kinachokula umeme mwingi. Sasa tunaupunguza hadi nusu, na katika mipangilio ya umeme tumeagiza kioo kizime baada ya dakika 2. Wi-Fi isipohitajika tunaizima. Ofisini, kompyuta zinazoruhusu tumeziwekea kikomo cha chaji asilimia 80, kwani betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa, hasa kwenye joto. Wala haiachwi tena garini juani.