Gari limepatikana, mwenyewe yuko wapi?

SWALI: Gari la kaka yangu limekutwa kando ya barabara ya RN3, karibu na Rumonge nchini Burundi, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Polisi wanatafuta ziwani tu. Inatosha?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Haitoshi. Gari huonyesha lilikoachwa, si mtu alikopotelea. Mwaka 2016 nchini Kenya, teksi iliyowabeba wakili Willie Kimani na mteja wake ilikutwa Limuru; miili yao na ya dereva ikaopolewa mtoni huko Ol Donyo Sabuk, upande mwingine kabisa wa Nairobi. Kilichosaidia ni rekodi za simu, na kipande cha karatasi ya chooni kilichoandikwa na kurushwa nje ya mahabusu ya kituo cha polisi cha Syokimau, walikozuiliwa. Basi uliza: kiti cha dereva kilisogezwa? Simu yake ilizimika saa ngapi, karibu na mnara gani? Mwandikie mwendesha mashtaka, ubaki na nakala yenye muhuri.