Wimbo Ukivuka Ziwa, Nani Alipwe?

Kuanzia Nchelenge hadi Mununga, nchini Zambia, msikilizaji wa ufukweni mwa Ziwa Mweru hutaka salamu, habari za bei ya samaki na muziki. Redio ndogo inayompa hayo huyaona madai ya mirabaha kama kodi nyingine juu ya kodi. Majibu yafuatayo yanatetea hoja moja: kituo kidogo hakistahili kusamehewa ada, bali kinastahili kulipa kwa kipimo cha mapato yake na cha nyimbo kilizozipiga kweli. Kipimo hicho huanzia kwenye daftari la kituo chenyewe.

Kituo kimeshanunua CD. Kwa nini kilipe tena?

Kilichonunuliwa ni chombo, wala si ruhusa ya kuurusha wimbo hewani. Sheria ya Hakimiliki ya Zambia ya mwaka 1994 inamwachia mwenye kazi uamuzi kuhusu utangazaji wake, na jumuiya ya ZAMCOPS hukusanya mirabaha kwa niaba ya watunzi. Zaidi ya hapo, wimbo mmoja hubeba haki mbili: hakimiliki ya mtunzi, na hakishiriki ya waimbaji na mwenye rekodi. Chukua mfano wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na Mwenda akafariki mwaka 1990. Kwa kipimo cha miaka 50, rekodi za 1952 zilimaliza muda wake 2002, lakini utunzi, unaohesabiwa tangu kifo cha mtunzi, unalindwa hadi mwisho wa 2040. Kwa hiyo ukongwe wa wimbo peke yake si kibali cha kuupiga bure.

Wimbo wa Kongo ukipigwa Nchelenge, fedha huenda wapi?

Sheria inayotumika ni ya nchi unakorushwa. Kituo cha Nchelenge huhusika na ZAMCOPS hata kikipiga rumba ya Lubumbashi. Kituo cha Pweto, ng'ambo upande wa Kongo, huhusika na SOCODA, jumuiya ya huko, hata kama mawimbi yake yanavuka maji. Mkataba wa Berne, ambao Zambia ilijiunga nao 1992, unataka mtunzi mgeni alindwe kama mwenyeji, na mikataba baina ya jumuiya za watunzi ndiyo huvusha malipo. Mashaka yanaanzia kwenye leseni ya jumla: unalipa ada moja, unapiga chochote. Pasipo orodha ya nyimbo zilizopigwa, mgawaji hukosa msingi isipokuwa nyimbo zinazovuma kwenye vituo vikubwa. Kalindula, muziki wa Luapula, hulipiwa, lakini mpigaji wake hahesabiwi. Na fungu lenyewe ni jembamba. Januari 2022, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, iligawa zaidi ya shilingi milioni 312 kwa wanamuziki 1,123, yaani wastani usiofika shilingi 280,000 kwa kila mmoja. Kwenye fungu la namna hiyo, jina lililosahaulika ni mtu aliyerudi mikono mitupu.

Lakini redio si inamtangaza msanii bure?

Hoja hii ina uzito wake. Hata Marekani, redio za kawaida hulipa watunzi lakini haziwalipi waimbaji na wenye rekodi, na utetezi wake ni huo huo wa kutangazwa. Ila kutangazwa humfaa msanii pale tu panapo soko la kumrudishia chochote. Mahali ambapo nyimbo huhamishwa kwa flashi na simu bila senti kutoka mfukoni, sifa haiuzi kitu, na mirabaha ya redio hubaki miongoni mwa malipo machache yanayowezekana. Wengine husema redio ya jamii haitafuti faida. Ni kweli, lakini hata hivyo hulipia umeme na dizeli ya jenereta. Muziki nao ulipiwe; lililo haki kubishaniwa ni kiwango. Uvuvi unapofungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, fedha hupungua ufukweni kote, na wafanyabiashara wanaolipia matangazo huyapunguza. Ada isiyobadilika huumiza zaidi miezi hiyo. Asilimia ya mapato hupanda na kushuka pamoja na ziwa. Leseni za utangazaji tayari zinatofautisha redio ya jamii na ya biashara, kwa hiyo kigezo cha kuanzia kipo.

Hati ya madai ikifika, kituo kifanye nini?

Kisikae kimya, wala kisilipe kwa hofu. Kiulize kwa maandishi: anayedai ana idhini gani, anawakilisha nani, na ada imekokotolewaje? Maswali haya si ukaidi. Kenya, Agosti 2021, KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko, iliziondolea leseni jumuiya tatu za kukusanya mirabaha, MCSK, KAMP na PRISK, kwa pamoja; mlipaji asiyeuliza angeweza kumlipa asiye na mamlaka. Kisha kituo kiambatishe hesabu za mapato na orodha ya nyimbo. Programu nyingi za kurushia muziki huitunza orodha hiyo zenyewe. Palipo na flashi tu, mtangazaji ataandika jina la wimbo, msanii na saa. Ni kazi ya ziada, tena ya kuchosha. Lakini anayedai punguzo bila hesabu anaomba huruma, na huruma hunyimwa bila maelezo. Mwenye daftari hukaa mezani na hoja, na humtaja mpiga kalindula ambaye mgawaji asingemjua.