Bibi Khadija, na Namna ya Kumkumbuka Mke Aliyetangulia

Katika darsa zetu za baada ya Magharibi tulifika mahali pa kufa kwake Bibi Khadija bint Khuwaylid (r.a.), Mama wa Waumini. Akauliza mmoja katika wanafunzi: mtu aliyefiwa na mkewe, mama wa watoto wake, naye alikuwa akimpenda, amkumbuke kwa njia gani? Kwani ameambiwa na jamaa zake kuwa asipofanya hitima kubwa siku ya arobaini, watu watasema amemtupa marehemu. Tumeona swali hili si la mtu mmoja, nasi twalijibu hapa ili wote wapate kufaidika.

Jawabu yake hatuitoi vichwani mwetu. Tunaye Mtume wetu (s.a.w.), naye alifiwa na mke aliyempenda, akaishi baada yake zaidi ya miaka kumi. Basi na tutazame alivyokuwa mke huyo, kisha tutazame alivyokumbukwa.

Bibi Khadija alikuwa wa Bani Asad katika Makureshi, mwenye mali yake mwenyewe, akipeleka bidhaa Sham kwa mikono ya watu wa amana. Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali hiyo pamoja na Maysara, mtumishi wa Bibi Khadija. Aliporejea, na habari za uaminifu wake zikamfikia mwenye mali, ni yeye aliyetaka ndoa. (Wale wasemao kuwa mwanamke mwenye biashara yake ametoka katika mwendo wa Kiislamu, sijui nyumba hii wataisemaje.) Mtume alikuwa na umri wa miaka 25. Umri wa bibi, kwa kauli iliyo mashuhuri, ulikuwa miaka 40, na wako wanazuoni wasemao 28. Walikaa pamoja kiasi cha miaka 25, wala hakumwolea mwenzi maisha yake yote. Kwake alizaa Qasim, Abdullah, Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima, na wale wavulana wawili waliwazika wangali wadogo.

Usiku ule wa Hira, mwaka 610, alipomjia mumewe anatetemeka, akitaka afunikwe nguo, hakumwuliza maswali mengi. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka, kisha akamhakikishia kuwa Mwenyezi Mungu hatamfedhehi kamwe, akamtajia sababu: kwamba aunga jamaa zake, abeba mizigo ya wanyonge, ampa asiye na kitu, amkirimu mgeni. Tazameni vizuri maneno haya. Si ya kumpoza mtu tu. Ni ushahidi wa mke aliyekaa na mume miaka kumi na mitano, amemwona asubuhi na usiku, akiwa na watu na akiwa peke yake. Ni wanaume wangapi katika sisi ambao wake zao, wakiulizwa kwa ghafula, wataweza kutoa ushahidi kama huo? Kisha akamchukua kwa binamu yake, Waraqa bin Nawfal, aliyekuwa na elimu ya vitabu vilivyotangulia. Naye akawa wa kwanza kumwamini.

Makureshi walipowatenga Bani Hashim, wasiwauzie wala wasiwaolee, kwa muda wa kiasi cha miaka mitatu, yeye kwa nasaba hakuwa wa Bani Hashim. Alikuwa pamoja na mumewe katika dhiki ile. Wapokezi wa sira wasimulia kuwa mtoto wa nduguye, Hakim bin Hizam, alimpelekea ngano kwa siri, na Abu Jahl akamzuia njiani. Ndiyo hali aliyokuwa nayo yule aliyekuwa tajiri wa Makka. Haukupita muda mrefu baada ya kwisha taabu hiyo, akafariki, mwaka wa kumi wa utume, nao ni kiasi cha mwaka 619, akazikwa Hajun. Na Abu Talib alikufa mwaka huohuo.

Sasa, alikumbukwa vipi? Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie.

Bibi Aisha (r.a.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, aeleza kuwa hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume kama alivyomwonea Khadija, hali hakukaa naye nyumba moja. Sababu ni kuwa Mtume alikuwa akimtaja sana, na huenda akachinja mbuzi, akamkata vipande, akavipeleka kwa rafiki zake Khadija. Siku moja Hala bint Khuwaylid, ndugu yake, alibisha hodi mlangoni. Mtume alipoisikia akakumbuka hodi ya Khadija ilivyokuwa, moyo wake ukatikisika. Na yasimuliwa kuwa alikuja bibi mzee akamfanyia ukarimu mkubwa, na alipoulizwa akaeleza kuwa bibi huyo alikuwa akiwajia zama za Khadija, na kwamba kutunza ahadi za zamani ni katika imani.

Na baada ya vita vya Badri, mwaka 624, Zaynab, aliyekuwa bado Makka, alipeleka fidia ya kumkomboa mumewe Abul-As aliyekuwa mateka. Ndani ya mali ile mlikuwa na mkufu ambao mamake alimvisha siku ya harusi yake. Mtume alipouona, alihuzunika huzuni kubwa. Lakini hakuuchukua kwa amri yake. Aliwaomba masahaba, wakiona vema, wamwachilie mateka wake na wamrudishie mkufu wake, nao wakakubali. Mkufu wa marehemu ulirejea kwa binti yake, ndiye mwenye nao.

Basi hayo ndiyo makumbusho yake: kumtaja kwa wema, kuwaunga rafiki zake na nduguze, na mali ya binti yake kurudi mikononi mwa binti. Hatukuona arobaini, wala mwaka, wala siku iliyotengwa kwa kulisha mji.

Tukirudi kwetu, nini tunakiona katika miji yetu ya pwani? Mke amekufa leo, na kabla udongo haujakauka waulizana mchele ni magunia mangapi na ng'ombe atanunuliwa wapi. Mtume (s.a.w.), alipouawa Ja'far bin Abi Talib katika vita vya Muta mwaka 629, aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeigeuza amri: waliofiwa ndio wapikao, na wasiofiwa ndio walao. Na sahaba Jarir bin Abdillah amepokewa akisema kuwa wao walikuwa wakikuhesabu kukusanyika kwa wafiwa na kufanya chakula kuwa ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Na ikiwa mchele ule umenunuliwa kwa pesa alizoacha marehemu, na watoto wake hawajabaleghe, basi kila aliyekula ameonja mali ya mayatima, na Qur'ani katika Suratun-Nisaa imelikemea jambo hilo kwa makemeo ya kutisha.

Anayetaka kumfanyia mkewe au mamake jambo la kumfaa, mlango uko wazi. Sa'd bin Ubada alifiwa na mamake naye yuko safarini. Alimwuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akatoa shamba lake zima kuwa sadaka yake. Kisima, vitabu vya chuo cha watoto, ada ya yatima: haya hayahitaji siku maalumu. Na tuwaombee dua, tuwatake msamaha kwa Mola. Na yule somo yake, na jirani aliyekuwa akiletewa bakuli la mchuzi kila Ijumaa, asikatiwe bakuli lile kwa kuwa mwenye kulipeleka hayupo.

Na liko jambo moja ambalo watu hawapendi tulitaje, nalo ni mahari. Wengi katika sisi tumeoa kwa mahari ya deni, na miaka ikapita. Mke akifa, deni halifi naye. Limekuwa mali ya warithi wake. Tuchukue mfano: mahari yaliyobaki ni shilingi 60,000, na marehemu amemwacha mume, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, wala hana deni wala wasia. Mume ana robo, 15,000, nayo yamwondokea katika deni lake. Mama ana sudusi, 10,000. Zilizobaki 35,000 ni za watoto: mvulana 14,000, na kila binti 7,000. Basi mume huyu adaiwa shilingi 45,000, naye pengine ametumia zaidi ya hizo katika hitima, akasifiwa na mji mzima kuwa alimpenda mkewe.

Atasema: alinisamehe. Twamjibu: alisamehe lini? Ikiwa alisamehe akiwa mzima, kwa hiari yake, bila kuonewa haya wala kuogopeshwa, hilo ni lake na limepita. Lakini ikiwa alisamehe akiwa katika ugonjwa uliomwua, basi hukumu yake ni hukumu ya wasia kwa mrithi, nao haupiti ila warithi wengine wakiridhia. Na mtoto mdogo hana ridhaa ya kutoa, wala babake hawezi kuridhia kwa niaba yake jambo ambalo faida yake yamrudia yeye mwenyewe. Vivyo hivyo dhahabu zake. Bangili na mikufu iliyokuwa milki yake si za kugawiwa na mawifi siku ya tatu, wala si za kufungiwa kabatini mpaka aje mke mwengine avishwe. Ziandikwe mbele ya mashahidi, na asiyejua mafungu aende kwa Kadhi amgawie.